Barua za Mpangaji Aliyenitangulia

Barua ya kwanza niliikuta chini ya geti, nusu ndani nusu nje, gurudumu la pikipiki limeipitia. Bahasha ya kaki, kidirisha cha plastiki, na ndani ya kidirisha jina la mwanamke nisiyemjua. Nilikuwa na miezi miwili tu katika ploti hii ya nyumba za kupanga, mtaa wa Free Area, Nakuru. Nikaipangusa tope kwa upindo wa leso, nikaisoma anwani mara mbili, kisha nikaingia nayo ndani na kuiweka juu ya kabati la vyombo.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Mwenyewe yu hai, ana watu wanaomjua, na yaliyotokea baadaye yamenifunza kulichunga jina la mtu lililo juu ya bahasha.

Kwa msomaji asiyeishi Kenya, nieleze kwanza kwa nini barua ile ilinishangaza. Kwetu barua haziji nyumbani. Mtu ana sanduku lake la posta, au anatumia la wenzake: la shule, la kanisa, la mwajiri, la shemeji mwenye duka. Unaandika jina, S.L.P. na nambari ya sanduku, kisha nambari ya mji: Nakuru 20100, Kisumu 40100, Kakamega 50100. Mwenye sanduku huenda na ufunguo, hufungua kimlango chake, akachukua kilichomo. Kwa kawaida hakuna mtu wa Posta anayepita mitaani akipiga hodi. Siku hizi unaweza hata kusajili nambari ya simu iwe anwani yako, ukaletewa ujumbe barua ikifika, lakini hata hapo mara nyingi barua utaifuata wewe. Kwa hiyo ukiikuta barua getini, ujue kuna mtu aliyeibeba kwa mguu au kwa boda mpaka hapo, na mtu huyo katumwa.

Aliyeituma hiyo alijua njia. Chini ya nambari ya sanduku, mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: Free Area, ukipita posho mili (mashine ya kusaga unga), geti la bluu, nyumba ya pili kulia. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini sisi wakazi bado tunaelekezana kwa posho mili, kanisa, transfoma na rangi ya geti. Geti letu ni la bluu. Posho mili ipo, nasikia inavyonguruma ninapoandika haya. Nyumba ya pili kulia ndiyo yangu. Kila kitu katika anwani ile kilikuwa sawa, ila aliyetajwa alikuwa ameshahama.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kufua. Wanawake wa ploti walikuwa wamekusanyika kwenye mfereji, yaani bomba la maji, kila mmoja na beseni lake. Nikatoka na ile bahasha mkononi, nikauliza kwa sauti ya kusikika: nani anamjua huyu, ameletewa barua. Nia yangu ilikuwa njema. Niliona ninafanya ungwana. Mmoja akaifuta mikono, akaipokea, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na muhuri mwekundu wa kampuni ya mikopo, na chini yake maneno mawili matatu makubwa kuhusu deni lililochelewa. Akampa jirani yake. Naye akampa wa pili.

“Kumbe ndiyo sababu alihama jioni jioni.”

“Na alituambia amepata uhamisho!”

“Mbona hata mimi ana changu.”

Bahasha ikazunguka mfereji mzima, ikanirudia ikiwa na alama za vidole vyenye povu. Haikuwa imefunguliwa. Hata ncha moja haikuwa imechanika. Na bado siri ya mwanamke yule ilikuwa imeshamwagika pale, mbele ya watu aliokaa nao miaka minne, na aliyeimwaga ni mimi.

Tumefundishwa wote kwamba barua ya mwenzako haifunguliwi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha: habari za familia yake na mambo yake ya binafsi yasifichuliwe bila sababu, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 nayo inazibana kampuni na ofisi zinazoshika habari za watu. Yote hayo nilikuwa nayajua, tena nilijisifu moyoni kwamba sikuifungua. Nililokuwa silijui ni kwamba bahasha nayo husema. Muhuri wa hospitali unasema. Nembo ya mahakama inasema. Rangi yenyewe inasema. Mtu hahitaji kusoma ndani ili ajue kwamba nyumba fulani ina mgonjwa, au ina kesi, au ina deni. Na nadhani kampuni inayompa kijana wa boda bahasha yenye maneno mekundu, azunguke nayo mtaani akiulizia geti la bluu, inajua vizuri inachokifanya. Aibu ni sehemu ya mbinu. Ile Jumamosi niliwafanyia kazi yao bure.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa nimelelewa vizuri kuliko hapo.

Nilisoma shule ya msingi karibu na Mumias, miaka ya tisini. Kijiji kizima kilitumia sanduku la shule. Mwalimu mkuu alikuwa akienda Posta kwa baiskeli siku ya Alhamisi, na Ijumaa kwenye paredi, baada ya bendera, anasoma majina. Mtoto wa fulani, njoo. Unatoka mstarini, unapokea barua kwa mikono miwili, unaipeleka nyumbani kwenye mkoba ikiwa kati ya madaftari. Kukhu, yaani nyanya yangu, hakujua kusoma. Barua za mjomba kutoka Kisumu nilimsomea mimi, nikiwa darasa la nne, mlango umefungwa, kuku wamefukuzwa nje, hata binamu zangu hawakuruhusiwa kukaa. Nikimaliza, anaikunja barua na kuiweka ndani ya kibati cha majani ya chai, kisha ananiambia maneno yale yale kila mara: “Umenisomea, mwanangu. Sasa sahau.” Na mimi nilisahau kweli, au niliigiza kusahau mpaka ikawa kweli.

Lakini kulikuwa na barua ambazo mwalimu mkuu hakuzisoma kwenye paredi. Mara nyingine alimwita mtoto ofisini saa za mapumziko, na mtoto anatoka na kitabu cha hesabu kilichovalishwa jalada la gazeti. “Mpelekee baba hiki kitabu.” Tulidhani ni kazi ya ziada. Tuliwaonea wivu walioitwa. Ilibidi miaka thelathini ipite, nisimame kando ya mfereji wa Free Area nikiona bahasha inazunguka, ndipo nikaelewa kilichokuwa chini ya lile jalada la gazeti. Mzee yule alikuwa akificha mihuri. Barua ya korti, barua ya hospitali, barua ya mzazi kufutwa kazi: hakutaka mtoto avuke uwanja nayo huku darasa zima likiona. Hakuwahi kutueleza, na wala hakusubiri sheria imwambie.

Siku zile bahasha nyingi zilikuwa na habari za kawaida. Mjomba yuko salama, ametuma mani oda (pesa za kupitia Posta), shangazi amejifungua. Wazee husema waraka ni nusu ya kuonana, na kweli siku ya barua kukhu alitembea kama aliyetembelewa. Mwaka 1999 shirika la zamani la posta na simu liligawanywa, simu zikaenda kivyake na posta kivyake. Kisha simu za mkononi zikaenea, na M-Pesa ilipoanza Machi 2007 mani oda ikakosa mwenyewe. Salamu zikahamia kwenye simu, pesa zikahamia kwenye simu. Waliobaki wakiandika kwa karatasi ni wale wanaotaka ushahidi kwamba walikuandikia: mawakili, benki, wadai. Ndiyo maana mtu akiona bahasha ya kaki leo tumbo linamkata kabla hajajua ni ya nani.

Zikaja mbili zaidi. Sikuzipeleka mfereji tena. Niliziweka kwenye droo, uso chini, juu ya daftari langu la tokeni za stima.

Ya tatu ililetwa na kijana wa boda mwenye kitabu cha kupokelea. “Weka sahihi hapa tu, mama, nikimbie.” Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi nilipojizuia. Hili nalisema kwa uzito kwa yeyote atakayekutana nalo: sahihi yako kwenye kitabu kile ni ushahidi kwamba barua imefika kwa mwenyewe au kwa mtu wake. Kesho atasimama mtu mahali aseme mdaiwa alipewa taarifa, na sahihi hii hapa. Nilimwambia kijana huyo anayemtafuta amehama na mimi si mtu wake. Hakutaka kubishana, maskini, alikuwa na barua nyingine kumi kwenye mkoba. Akaiacha juu ya ukuta akaondoka.

Alhamisi iliyofuata wakaja wanaume wawili na faili. Mmoja mpole, mmoja mwenye haraka. Walitaka kuingia waandike orodha ya vitu vya kukamatwa kwa deni lile. Nilihisi magoti yananilegea, maana kila kilichokuwa ndani ya nyumba ile nilikuwa nimekinunua kwa jasho langu: kochi, televisheni, cherehani ya marehemu mama. Kwa sheria yetu, dalali akishaandika mali inayohamishika humpa mwenye deni siku 7 za kulipa kabla hajaiondoa. Siku 7 ni nyingi ukiwa na pesa. Ukiwa huna deni na umeandikwa, ni chache mno, kwa sababu inabidi ukimbie mahakamani kupinga na kuthibitisha kwamba kochi ni lako. Afadhali kalamu isiguse karatasi kabisa. Niliwaacha mlangoni, nikatoa mkataba wangu wa nyumba, kitambulisho, na risiti za kodi tangu mwezi wa nne. Yule mpole akavisoma kimoja kimoja. Akapiga picha mkataba, nikamwambia afute, akafuta.

“Alihamia wapi?” akaniuliza yule wa haraka.

“Sijui.”

Ilikuwa kweli, nami nilishukuru kwamba ilikuwa kweli.

Jumatatu niliwaandikia kampuni ile barua fupi: mimi ndiye mpangaji tangu Aprili, mtajwa haishi hapa, sina undugu naye, msilete tena barua zake wala watu wenu kwenye nyumba hii. Sikuipeleka kwa simu wala kwa mdomo. Niliichapisha nakala mbili, nikaenda nazo mjini mpaka ofisini kwao, nikasimama kaunta hadi nakala yangu ikagongwa muhuri na tarehe. Ipo kwenye faili moja na risiti zangu za kodi. Baada ya hapo hawakuja tena.

Ningeweza kuishia hapo. Zile tatu za kaki ningezirudisha, na hadithi ingekwisha.

Lakini mwezi wa nane ikaja nyeupe.

Ililetwa na kijana wa kanisa lililo nyuma ya posho mili. Alisema imekuja kwenye sanduku la kanisa, na wao wanamjua dada huyo kuwa anakaa hapa, ingawa siku hizi hawamwoni ibadani. Bahasha ndogo, nyepesi, wino wa bluu. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyewahi kufundisha: herufi zimelala upande mmoja, kila mstari umekaa sawa kana kwamba alitangulia kuchora kwa rula na penseli kisha akafuta. Ukiinamisha kwenye mwanga, alama ya penseli ilikuwa bado ipo. Juu ya stempu muhuri wa posta ulisomeka Mumias. Nyuma, kwa herufi ndogo: Tafadhali apewe mkononi.

Nilikaa na ile barua mapajani kwa muda mrefu. Posta ile ya Mumias ndiyo mwalimu wetu alikuwa akiiendea kwa baiskeli.

Safari hii nilikwenda polepole. Barua niliiacha nyumbani. Nilimfuata keateka, mtunzaji wa ploti, akiwa peke yake, sikumwomba nambari ya simu ya mtu, nilimwomba ampigie yeye amwambie kuna barua nyeupe ya mkono. Akajaribu mbele yangu; nambari haikuwa ikitumika tena. Basi nikangoja jioni, mama mboga wa pale posho mili akiwa anafunika nyanya zake na wateja wameisha. Nikamwambia nina kitu cha heri cha aliyekuwa mpangaji wa nyumba ya pili.

Aliniangalia muda. “Wewe si ndiye uliyeleta ile barua mfereji?”

“Ni mimi.”

Hakusema neno. Akaendelea kufunga gunia, akakaza kamba mara mbili. Mwisho akasema, “Yake sikupi. Niachie yako.”

Nikamwandikia nambari yangu kwenye kipande cha gazeti. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama yule alikuwa akidai kuliko wote, mboga za deni za miezi, na muda wote huo alijua mwenzake alipo. Yale maneno ya mfereji yote yalimpita masikioni, naye hakufungua kinywa.

Siku mbili zikapita. Simu ikalia, nambari ngeni, sauti ya mtu anayepima kila neno. “Nimesikia unanitafuta.”

“Kuna barua yako, dada. Ya mkono. Muhuri wa Mumias.”

Kimya. Nikasikia mtoto akilia mbali. Kisha: “Ni ya baba.”

Nilimpelekea Jumapili. Alikuwa Njoro, kilomita ishirini hivi kutoka mjini, chumba kimoja kwenye safu ya vyumba sita, upande wa barabara ya chuo kikuu. Alinikaribisha chai. Nilitoa bahasha zote nne kwenye mkoba na kuziweka mezani uso chini, maana mlango ulikuwa wazi na majirani wanapita. Alizigeuza kwa kidole kimoja, moja moja. Zile za kaki akazisukuma chini ya chupa ya chai bila kuzifungua. Ile nyeupe akaichukua, akatafuta kisu, akaikata upande mfupi taratibu ili asiguse pale jina lake lilipoandikwa. Akaenda kuisoma amesimama mlangoni kwenye mwanga.

Babake, aliniambia baadaye, hasikii tena. Masikio yalimwishia pole pole, na sasa simu kwake ni kifaa cha wengine. Ukimpigia, kaka anapokea na kumpigia mzee kelele sikioni neno moja moja mbele ya kila mtu aliye sebuleni. Kwa hiyo anaandika. Na anaandika kwa anwani ile ya zamani kwa kuwa bintiye hajamwambia amehama. Angeuliza kwa nini.

Kuna kipande alichonisomea kwa sauti, mistari kama sita. Nimeshaisahau.

Nilimwambia habari ya mfereji. Nilikuwa nimeipanga njiani, jinsi ya kuianza, lakini ilipofika ilitoka yote kwa mkupuo. Aliendelea kunimiminia chai.

“Nilijua,” akasema. “Mama mboga alinipigia siku ile ile.” Akaweka chupa chini, juu ya zile bahasha za kaki. “Deni ninalilipa. Nilikwenda mwenyewe ofisini kwao, tumekubaliana kila mwezi kiasi. Lakini ile ya mfereji iliniuma kuliko deni. Wale ni watu niliokesha nao msibani.”

Sikuwa na la kujibu. Niliomba msamaha, na maneno yalionekana madogo sana mle chumbani.

“Kunywa chai, dada,” akasema. “Itapoa.”

Mzee bado anaandika, karibu kila baada ya wiki sita. Bintiye hajapata sanduku lingine, na la kanisa analiamini. Kijana wa kanisa ananiletea mimi, mimi nampigia yeye. Wiki iliyopita alibisha nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kazini, na nikapiga simu kabla sijavua viatu.

“Dada, kuna barua yako.”

“Ya rangi gani?”

“Nyeupe.”

“Nakuja kesho na matatu ya saa nane.”